Vuta, Chota, Tunga: Miaka Yangu na Neno "Draw"

Ukinikuta dukani nimesimama nasoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni, usidhani nimechanganyikiwa. Ni kazi imeniingia mwilini. Mimi nimestaafu, lakini macho yangu hayajapata barua ya kustaafu. Bado yanawinda sentensi inayomwambia mtu "tumia ipasavyo" bila kumwambia afanye nini hasa. Nikiipata nanung'unika mwenyewe palepale, na mwenye duka ananiuliza kama sabuni yake ni mbovu.

Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie nilivyojifunza kazi ya tafsiri. Vyeo sitavigusa, na mishahara ndiyo kabisa, maana habari yake ni fupi. Maelezo ya mbolea na ya dawa za ng'ombe niliyoyatafsiri baadaye mnayo kabatini, mkitaka mtayasoma wenyewe. Nitaandika juu ya mwanzo wangu kiwandani, na juu ya neno moja la Kiingereza lililonisumbua kuliko mwanamume yeyote niliyemfahamu. Marehemu mume wangu angekuwepo angekubaliana nami.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Ukerewe, kijana bado, na nilijiona nimesoma. Zilikuwa siku za Ujamaa. Vijijini watu walikuwa wanahamishwa na kukusanywa pamoja, na mjini tulikuwa tunaambiwa kila siku tujitegemee. Upande wa Ilemela palikuwa na kiwanda cha nguo kilichokuwa kinanunua pamba ya Usukumani na kuifanya kitambaa. Wafanyakazi wake wengi walikuwa watoto wa wakulima wa pamba, waliopalilia na kuvuna tangu wadogo bila kuona inavyogeuka nguo. Mafundi wa kigeni waliofunga mashine walikuwa wanamaliza mikataba yao na kuondoka mmoja mmoja. Vitabu walivyotuachia vilikuwa vya Kiingereza. Kiwanda kikahitaji mtu wa kuviandika kwa Kiswahili kabla mgeni wa mwisho hajapanda ndege, nami nikaazimwa kutoka shuleni.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa mkuu wa mafunzo, Mzee Kagaruki. Alikuwa Mhaya, Mlutheri wa kweli, aliyewahi kuwa mwalimu kule Bukoba kabla ya kuhamia Mwanza. Alivaa miwani minene, na suruali yake ilikuwa imepigwa pasi hata wiki ambayo mvua haikukatika. Nikamsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo. Wameniambia unajua Kiingereza."

"Ninajua, mzee."

"Nani kakudanganya?"

Akanisogezea ukurasa mmoja wa kitabu cha mashine. Neno "draw" lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na lilikuwepo karibu kila aya. Akaniuliza ni nini kwa Kiswahili. Nikamwambia bila kusita, kuchora. Alisimama, akachukua kofia yake, akaniongoza hadi kwenye ukumbi wa kusokotea, ambako kelele ilikuwa kubwa hata nikaiona sakafu inatetemeka. Akanisimamisha mbele ya mashine moja ndefu. Tambi nene za pamba zilikuwa zinaingia upande mmoja zikiwa zimelegea, zinapita katikati ya magurudumu, na upande wa pili zinatoka nyembamba na zimenyooka. Akaniinamia sikioni na kupiga kelele, "Nionyeshe anayechora!"

Tuliporudi ofisini alinifundisha utaratibu wake, ambao mimi nimeufuata mpaka juzi. Alikuwa na kasha la majani ya chai lililojaa vipande vya boksi alivyovikata kwa mkasi. Kila kipande kilikuwa na maana moja ya neno, chini yake neno la Kiswahili, na chini kabisa jina la mtu aliyelisema. Jina lilikuwa la lazima. Neno lisilo na mwenyewe hakulikubali, hata liwe limetoka Dar es Salaam na mhuri. "Kama hakuna mtu anayelisema," aliniambia, "unamwandikia nani?"

Utaratibu wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Sentensi ikishaandikwa, ilipaswa kufanyiwa kazi. Mfasiri anasoma kwa sauti, mfanyakazi anatenda kile tu alichosomewa, na Mzee Kagaruki anakaa kwenye kigoda anatazama. Mfanyakazi akikwama, mwenye makosa ni sentensi. Nilimwona akifuta ukurasa wangu mzima kwa sababu fundi mmoja alisimama na spana mkononi akiuliza, "Sasa nigeuzie wapi?" Nilikwenda msalani kulia, nikarudi, nikaandika "geuza kuelekea ukutani."

Basi akanipa "draw" liwe langu. Alisema wengine wote kabla yangu walilikimbia.

Niliibeba kazi hiyo mjini kote kama mtu aliyetumwa na mgonjwa kutafuta dawa. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda alinipa "kutoa damu", na hapohapo "kung'oa jino", maana zamani Waingereza walitumia neno lilelile kwa jino. Akina mama wa bombani Mirongo walinipa "kuchota" na "kuteka", kisha wakaanza kubishana wao kwa wao ipi ni sahihi, nikawaacha wanaendelea. Mtu wa bwela, tanuri la mvuke la kiwanda, alisema pampu yake "inavuta" maji ziwani. Wavuvi wa kokoro, nyavu za kuburuta hadi ufukweni, walisema nao wanavuta, ila mmoja wao, mwenye mgongo uliopinda, alisisitiza niandike "kukokota", kwa sababu kuvuta ni kwa watu wanaovua kwa starehe. Padri alinipa "kupiga kura", kama askari walivyoigawana nguo ya Yesu. Vijana wa timu ya kiwanda, waliokuwa wametoka sare na timu ya bandari na bado wana hasira, walinipa "kutoka droo" na kunieleza kwa kirefu jinsi mwamuzi alivyowanyima penalti. Kuvuta pumzi, kuvuta pazia, kuchomoa upanga, kuvutia watu, kusogea karibu, kufikia hitimisho: vyote hivyo Mwingereza anavipitisha mlango mmoja. Nilianza kumhurumia. Nilidhani ni mtu aliyeishiwa maneno.

Ni Mzee Kagaruki aliyenitoa huko. Alikuwa na kamusi kubwa aliyoachiwa na wamisionari, isiyo na jalada, iliyofungwa kwa ukanda wa mpira. Jioni moja kabla ya kufunga ofisi akaifungua akanionyesha kwamba neno hilo halikuanza na maana nyingi. Zamani sana, Kiingereza kilipokuwa bado lugha ya wakulima wa vijiji vya baridi, lilikuwa "dragan", na maana yake ilikuwa moja: kukokota. Ile sauti ya katikati iliyotoka kooni ikalainika kwa karne nyingi mpaka ikawa kama tunavyoisikia sasa. Wanorse, mabaharia wa kaskazini waliokuwa wanavuka bahari kwenda kuwapiga walikuwa na neno linalofanana nalo, na Wajerumani nao wana ndugu yake, ila kwao limeishia kumaanisha kubeba.

"Sasa tazama," akasema. "Maji unayakokota kutoka kisimani. Damu unaikokota kutoka mshipani. Na picha? Unakokota mkaa juu ya ngozi, unaacha mstari. Huyu hakuishiwa maneno. Alianza na ng'ombe na kamba, akaendelea kutembea."

Ng'ombe wenyewe wamo. Maksai wa kulimia, wale ambao kila nyumba yenye uwezo Usukumani ilikuwa nao, kwa Kiingereza wanaitwa kwa neno la ukoo huohuo, wanyama wa kukokota. Upepo unaopenya chini ya mlango ni wa ukoo huo. Droo ya meza ni ya ukoo huo, kwa kuwa unaivuta. Na wale wazee waliokuwa wanashinda kwenye baraza za maduka wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, wakipigana vijembe toka asubuhi, hawakujua kwamba jina la mchezo wao ni mjukuu wa neno hilo, kwa sababu kusogeza kete zamani kuliitwa kuikokota. Nilikwenda kumweleza mmoja wao. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akala kete tatu za mwenzake nilizokuwa nimemzibia asizione, akasema, "Asante, binti. Haya, sogea kwenye mwanga."

Bwana Alfredi, fundi wa mwisho wa kigeni, naye alinisaidia kwa namna yake. Alikuwa mzee mwekundu aliyetoka miji ya viwanda vya pamba ya kaskazini mwa Uingereza, na chai yake hakuruhusu imiminwe mpaka "i-draw", yaani mpaka ikolee. Niliandika kipande: kukolea, Bwana Alfredi. Aliniambia bibi yake alikuwa anafanya kazi ya kupitisha nyuzi kwenye nyaya kabla ya kufuma, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili wanaotazamana siku nzima, kwa hiyo alijua siri za mtaa wote. Akanishauri nisimalize neno langu bila kukaa na wanawake wa chumba hicho.

Ndipo nilipofika kwa Kabula na Koku.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa. Kabla mashine haijafuma, kila uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, na ni mamia kwa mamia, lazima upitishwe kwenye tundu dogo la waya wake. Nyaya zimening'inizwa kwenye fremu nne, na uzi wa kwanza unakwenda fremu hii, wa pili ile, kwa mpangilio. Ukikosea mmoja, kitambaa kizima kinatoka na mstari. Mtu mmoja anakaa nyuma, anachagua uzi na kuuleta. Mwingine anakaa mbele na kulabu nyembamba, anaipenyeza kwenye tundu, ananasa uzi na kuuvuta upande wake. Kitabu cha Kiingereza kilieleza kazi hiyo yote kwa maneno machache: "Draw the ends in." Yaani vuta ncha ziingie. Basi.

Koku, msichana wa Kihaya mwenye maneno mengi, alikuwa nyuma. Mbele alikaa Kabula, Msukuma, mjane mwenye watoto watatu, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mkimya, mwenye mabega ya mtu aliyelima. Nilimwuliza wao wanaiitaje kazi hiyo. Akasema wanaiita kutunga, kama kutunga shanga. Nikafurahi hata nikaandika kipande hapohapo: kutunga, Kabula. Nikavuta kigoda nikakaa pembeni yao, nikaanza kuandika kila anachofanya mkono.

Siku ya pili nilikuwa na muhogo wa kuchoma. Nikaukata, nikamnyooshea Kabula kipande mbele ya uso wake. Alikuwa ameinama, macho ameyakodoa kwenye nyaya, wala hakugeuka. Nikaendelea kumnyooshea. Mkono wangu ulikuwa karibu na kidevu chake.

"Dada Kabula," Koku akasema harakaharaka, "dada Perusi anakupa muhogo."

"Ah, asante, Pelusi," akasema, maana r kwake Msukuma ilikuwa l, na mkono wake ukaja ukapapasa kifundo changu kwanza, halafu kiganja, halafu muhogo.

Nilirudi kwenye karatasi zangu, nikaanza kumtazama upya. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatembea juu ya nyaya, kinazitenga moja baada ya nyingine, kinalikuta tundu, kinalishikilia, na kulabu inakuja kukifuata. Koku alikuwa anaongea mfululizo, habari za jirani, habari za kwaya, na katikati ya maneno anataja fremu: "...basi yule mama, mbili, akamwambia mwenzake, tatu, hivi wewe..." Nilikuwa nimedhani ni umbea tu. Kabula alikuwa anatunga kwa kidole na sikio. Yale macho aliyokuwa ameyakodoa hayakuwa yanaona kitu.

Jioni Koku alinifuata bombani.

"Umejua," akasema.

"Tangu lini haoni?"

"Alianza kazi akiwa mzima. Macho yalifunga polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Hospitali wamemwambia hayatarudi. Kwenye mwanga mkali anaona kivuli, basi. Lakini tazama kazi yake, dada! Umeona kitambaa chenye mstari kimetoka kwetu? Usimwandike, nakuomba. Mzee akijua, atamtoa."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Muda si mrefu kabla ya hapo, Mzee Kagaruki alikuwa amemtoa kwenye mashine za kuchambulia mtu aliyeficha kifafa chake. Hakumfokea, hakumwonea, alimwambia tu kwamba mkanda wa mashine hauna huruma, na yule bwana akarudishwa kijijini kwao. Kila mtu alikubali kwamba ni haki. Na kila mtu mwenye tatizo alilificha zaidi.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikaona limenibana hasa. Kwenye chumba cha kutungia hapakuwa na mkanda wala gurudumu. Hakuna ambacho kingemuumiza Kabula isipokuwa ncha ya kulabu. Kwa hiyo hofu ya mzee haikumhusu. Lakini je, mzee angelikubali hilo? Sasa oneni kilichonipata. Yule Mwingereza aliyeandika "draw" alikuwa amemficha Kabula bila kumjua. Neno lake halikusema unatumia jicho au kidole, halikusema unalipataje tundu; lilisema vuta, likanyamaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kulifungua neno hilo na kutoa hatua zote zilizo ndani, moja moja, ili msichana aliyetoka kijijini jana aweze kuzifuata. Nikilifungua sawasawa, Kabula anaonekana. Nikiandika "tazama tundu", nitakuwa nimeandika uongo, na siku ya kusomewa ndiye atakayetakiwa kutazama tundu mbele ya mzee.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwake Mirongo. Alikuwa anamenya karanga mlangoni, watoto wanasoma ndani. Alinitambua kwa hodi yangu.

"Koku ameniambia," akasema. "Kaa. Utakula karanga?"

"Dada Kabula, sijui niandike nini."

"Andika kama Mzungu. Si ameandika neno moja? Lile neno lake halina macho. Liache hivyohivyo."

"Kiswahili hakinipi neno moja la hivyo. Na hata lingekuwepo, mzee atalikataa. Atauliza, anavuta vipi?"

Akamenya karanga nyingine. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayemhesabia mwingine kitu asichokijua.

"Shamba la mume wangu limebaki kule kwenye mahame, kijiji walichohamishwa watu. Shemeji yangu amepewa kiwanja kijiji kipya, atanichukua, siyo mtu mbaya. Atanipa kona. Watoto wake watanishika mkono kunipeleka chooni. Watasema, mpisheni yule mama kipofu. Hapa hakuna anayenipisha, Pelusi. Hapa wakikosea mpangilio wananiita mimi. Mimi huku ni fundi." Akapeperusha maganda. "Sitaki kona."

Niliondoka na karanga kwenye kitambaa na moyo mzito. Sikuwahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa Mzee Kagaruki wiki ile, na sikuwahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda Kabula. Nilitupa karatasi nyingi. Mwisho nikaandika walivyofanya wao, yaani ukweli mtupu, bila kumtaja mtu: mletaji ataje fremu kwa sauti, mtungaji atenge waya kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, alitafute tundu kwa ncha ya kidole, alishikilie, apenyeze kulabu kufuata kidole, anase uzi, avute. Nilijiambia kwamba kama wanafunzi wote watafundishwa kutunga kwa kidole, Kabula hatakuwa na tofauti na mtu. Haikuwa hila kubwa. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Siku ya kusomea ilifika. Ilikuwa asubuhi, mwanga mweupe wa ziwa unaingia kwenye madirisha ya juu. Mzee Kagaruki alikuja na kigoda chake, akakaa upande wa Kabula, karibu sana kuliko nilivyotaka. Koku alikuwa kimya, jambo ambalo peke yake lingeweza kutufichua. Nikaanza kusoma. Mletaji achague uzi: Koku akachagua. Mletaji ataje fremu: "Moja," akasema, kwa sauti nyembamba. Mtungaji atenge waya kwa kidole. Kabula akatenga. Alikuwa ameyakodoa macho na kuinama mpaka shingo imekaza.

"Mtungaji alitafute tundu kwa ncha ya kidole," nikasoma.

"Simama," akasema mzee.

Tukasimama wote.

"Kwa kidole? Mungu amewapa macho, wewe unawaandikia kidole?"

"Ndivyo wanavyofanya, mzee."

"Taa zetu, mzee," Koku akadakia, "taa zetu hizi hazi..."

"Sijakuuliza wewe, mama." Hakuwa mkali. Alikuwa anamtazama Kabula. Hakutazama mikono, alimtazama usoni, na aliendelea kumtazama muda ambao mtu mwenye adabu hamtazami mwenzake usoni. Kabula hakurudisha macho. Asingeweza. Nikajua kwamba mzee ameshaona.

"Nipishe hapo, mama Kabula," akasema.

Akakaa mahali pake. Akachukua kulabu. Kwanza alijaribu kwa macho, miwani imefika karibu na nyaya. Mwanga ulikuwa unacheza kwenye mamia ya nyuzi nyeupe na nyaya zinazong'aa. Alilipata tundu, akalipoteza, akashika la fremu nyingine. Koku akamwambia kwa upole, "Hilo ni la tatu, mzee." Akajaribu tena, akakosea tena. Kisha akavua miwani akaiweka mapajani. Akafumba macho. Kidole chake kikubwa cha mwalimu kikaanza kutembea juu ya nyaya, polepole, kikatenga, kikasimama. Kulabu ikaja. Uzi ukapita.

Alikaa hivyo kidogo, macho yamefumbwa, uzi umeshikwa na kulabu. Halafu akavaa miwani yake, akainuka, akamshika Kabula kiwiko akamrudisha mahali pake, kwa namna ambayo mtu humwongoza mgeni wa heshima kwenye kiti.

"Andika," akaniambia. "Andika mwishoni. Mtungaji anaruhusiwa kufumba macho wakati wote wa kazi."

Nikaandika.

"Sasa soma."

"Mzee?"

"Umesahau utaratibu? Sentensi ikishaandikwa inafanyiwa kazi. Msomee."

Nikasoma. Nikarudia, polepole: mtungaji anaruhusiwa kufumba macho wakati wote wa kazi.

Kulabu ya Kabula ilisimama hewani. Alielewa kwamba mzee anajua, na kwamba mzee hamtoi. Miaka yote aliyokaa kwenye kigoda kile alikuwa anafanya kazi mbili: kutunga, na kujifanya anatazama. Ile ya pili ndiyo iliyokuwa inamchosha. Ndiyo iliyomkaza shingo, ndiyo iliyomfanya arudi nyumbani na kichwa kinamgonga. Kisha akafumba macho. Mabega yake yakashuka, uso ukalegea, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mwanamke mzuri.

Kidole kikaenda kwenye waya, kikatenga, kikalipata tundu, kikasubiri.

"Koku," akasema, "mbona uzi hauji?"

Koku alikuwa analia.